Barabara za Nakuru: Maji Yatakwenda Wapi?

Mji wa Nakuru umelala kati ya mlima na ziwa. Kaskazini yake umesimama Menengai, mlima uliotapika moto maelfu ya miaka iliyopita, na ambao kilele chake kiliporomoka kikaacha shimo kubwa lipatalo kilomita 12 kwa 8. Kusini yake ni Ziwa Nakuru, ambalo hupokea mito ya Njoro, Makalia na Nderit, wala halina mto hata mmoja unaotoka. Kati ya mlima na ziwa, mahali palipo yapata mita 1,850 juu ya bahari, ndipo zilipojengwa ofisi, masoko, shule, hospitali, stesheni na barabara. Nakuru ilipata hadhi ya mji mdogo mwaka wa 1904, ikawa manispaa mwaka wa 1952, na tarehe 1 Desemba 2021 ikakabidhiwa hati ya kuwa jiji la nne la Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu.

Mtu akiyatazama maumbile hayo hana haja ya kuwa mhandisi ili afahamu jambo moja. Mvua inyeshayo juu ya mteremko wa Menengai, isiponywewa na ardhi, haina budi kupita mjini ikielekea ziwani. Kwa hiyo kila aliyejenga Nakuru, awe kampuni ya reli, idara ya serikali, au mkandarasi wa siku hizi mwenye tingatinga na rola, ameulizwa swali lile lile: maji yatakwenda wapi? Lami huonekana na watu wote, na siku ya kufungua barabara hupigwa picha. Mfereji na kalvati havipigwi picha, lakini ndivyo viamuavyo kama barabara itadumu miaka ishirini au miwili.

RELI ILITANGULIA

Kazi kubwa ya ujenzi iliyotangulia barabara hizi ilikuwa reli. Ilifika Nakuru mwaka wa 1900 ikitoka Mombasa, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika Ziwa Victoria, mahali palipoitwa Port Florence, yaani Kisumu ya leo. Shida iliyowasumbua wajenzi ilikuwa namna ya kuteremka kutoka nchi ya juu ya Kikuyu mpaka chini Bondeni. Mteremko ulikuwa mkali hata kwa muda mabehewa yakashushwa kwa kamba za chuma, mpaka njia ya kuzunguka kando ya ukingo ilipokwisha kuchongwa. Kazi hiyo ilifanywa na maelfu ya vibarua walioletwa kutoka India, pamoja na Waafrika.

Baadaye ikajengwa njia nyingine kutoka Nakuru kupanda milima ya magharibi. Ilifika Eldoret mwaka wa 1924, ikipitia Timboroa, mahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Hivyo Nakuru ikawa njia panda: treni za Kisumu huku, treni za Uganda huku. Chama cha wakulima kilichojulikana kwa herufi za KFA kikaweka makao yake makuu hapo, na jina lake limebaki katika vinywa vya watu hata leo, kwa maana mzunguko wa barabara ulio mjini huitwa KFA. Kwa upande wa maziwa, kampuni ya KCC ilianzishwa Naivasha mwaka wa 1925.

Lakini njia hizo hazikujengwa kwa faida ya wote sawasawa. Ardhi nyingi iliyo kandokando ya reli ilikuwa imetengwa kwa walowezi wa Kizungu, na Mwafrika alikaa humo kama kibarua. Barabara zilifuata mahali palipokuwa na mashamba makubwa. Hata uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, na mashamba mengi yakagawanywa kwa wakulima wadogo, ilionekana mara moja kwamba shamba moja lililohitaji njia moja sasa limekuwa mashamba mia, na kila moja lataka kufikisha maziwa na viazi vyake barabarani. Mwaka wa 1974 serikali ilianzisha mpango wa barabara za vijijini, ambao ulitumia zaidi mikono ya wenyeji, majembe, sululu na karai kuliko mashine kubwa.

Kuhusu barabara kuu, walio wengi wanajua habari ya mateka wa vita wa Kiitalia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ndio waliochonga barabara iteremkayo ukingo wa Bonde kuelekea Mai Mahiu, na kando yake wakajenga kanisa dogo ambalo lingali limesimama. Msafiri ashukaye njia hiyo akitazama ubavuni mwa mlima ataona kuta za mawe na njia za kupitishia maji. Wajenzi wale walijua kwamba barabara iliyokatwa ubavuni mwa mlima hupokea maji ya mlima mzima.

UDONGO WA MAJIVU

Sababu ya maji kuwa adui mkubwa hasa katika nchi ya Nakuru ni udongo wenyewe. Mahali pengi ni majivu ya volkano yaliyolala tabaka juu ya tabaka. Wakati wa kiangazi udongo huo ni mwepesi, hutimka vumbi jeupe lijazalo macho na nguo. Ukishindiliwa vizuri na kufunikwa hubeba mzigo mkubwa. Lakini maji yakipata upenyo yakatembea ndani yake, huuchukua kidogo kidogo bila mtu kuona, mpaka siku moja juu pabaki ganda tupu na chini pango.

Tena nchi yenyewe ina nyufa za kale, kwa kuwa Bonde la Ufa lilifanyika kwa ardhi kupasuka na kushuka. Katika mitaa ya Rhonda na Kaptembwo, upande wa magharibi wa jiji, ardhi imepata kudidimia mara nyingi wakati wa masika. Mwezi wa Machi 2018 ufa mkubwa ulitokea karibu na Suswa, ukaikata barabara iendayo Narok kutoka Mai Mahiu. Habari zilienea ulimwengu mzima kwamba Afrika inagawanyika vipande viwili kwa ghafla. Wataalamu wa miamba walieleza jambo lisilotisha kiasi hicho, ila lenye mafunzo zaidi: ufa ulikuwako chini tangu zamani, ukiwa umejaa majivu, na mvua nyingi za msimu ule ziliyasomba majivu hayo.

Ziwa nalo limetoa fundisho lake. Tangu mwaka wa 2010 hivi maji ya Ziwa Nakuru yamepanda sana, yakafunika lango la zamani la hifadhi ya wanyama pamoja na barabara zilizokuwa humo, na nyumba kadhaa za mtaa wa Mwariki zikafikiwa na maji. Maji ya mji ambayo zamani yalikuwa yakiishia ziwani bila kumsumbua mtu sasa yanaikuta njia yake imefupishwa.

BARABARA HUJENGWA KUTOKA CHINI

Watu wengi hudhani barabara ni lami. Kwa kweli lami ni kama bati la nyumba: kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasiingie. Kinachobeba lori ni kile kilicho chini ya lami. Kwanza mkandarasi hukwangua udongo wa juu wenye mizizi na kuutupa kando. Kisha huweka tabaka za udongo mzuri au changarawe, hunyunyiza maji kwa kiasi, na kushindilia kwa rola mpaka tabaka iwe ngumu ndipo aongeze nyingine. Juu yake huja kokoto zilizopondwa, na mwisho lami. Uso wa barabara hufanywa kuwa na mgongo katikati ili maji yateremke kando, mitaro huyapokea, na kalvati huyavusha chini ya barabara kwenda upande wa pili.

Mkandarasi anayetaka kuiba hana haja ya kuiba mchana. Yatosha apunguze unene wa tabaka iliyofichika, au aweke kalvati jembamba mahali pa pana, kisha afunike kwa lami nyeusi inayong'aa. Siku ya kukabidhi kazi, barabara njema na mbaya hufanana. Masika ya kwanza au ya pili ndiyo huzitenganisha. Kwa sababu hiyo mikataba mingi ya serikali huweka muda baada ya kazi kwisha, aghalabu mwaka mmoja, ambao mkandarasi hulazimika kurekebisha kasoro zinazojitokeza, na sehemu ya fedha zake huzuiliwa mpaka muda huo upite. Mwananchi anayejua hivyo atazitazama sana barabara mpya katika mwaka wake wa kwanza, na kutoa taarifa mapema, maana shimo likifunguka baada ya muda huo gharama huwa ya umma.

Na gharama hiyo si ndogo. Kila lita ya petroli au dizeli inunuliwayo Kenya hutozwa fedha za kutunza barabara, na mwezi wa Julai 2024 kiasi hicho kilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25. Mkulima wa Molo asiyekuwa na gari hulipa pia, kwa maana nauli yake na gharama ya kubeba viazi vyake hutokana na bei ya mafuta.

Lakini hasara ya fedha si hasara iliyo kubwa kuliko zote. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, katika mvua kubwa za masika, maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli ya zamani karibu na Kijabe. Njia ya maji iliyokuwa chini ya tuta ilikuwa imezibwa na magogo, mawe na matope. Tuta likageuka kuwa boma, na maji yalipoupata upenyo yaliteremka kwa nguvu juu ya vijiji vya Mai Mahiu usiku watu wakiwa wamelala. Waliokufa walizidi 40. Reli ile haikuwa imejengwa bila njia ya maji. Njia ilikuwako, lakini ilikuwa imezibika. Huu ni ushahidi mchungu kwamba kazi ya ujenzi haiishi siku ya kufungua barabara au reli, na kwamba kuzibua kalvati moja kwa koleo huweza kuwa na thamani ya roho za watu.

MAJENGO YA UMMA NA TETEMEKO LA 1928

Yasemwayo juu ya barabara huhusu pia majengo. Tarehe 6 Januari 1928 nchi ya Subukia, kaskazini-mashariki ya Nakuru, ilitikiswa na tetemeko la ardhi kubwa kupita yote yaliyopata kupimwa katika Kenya. Ardhi ilipasuka kwa mwendo upatao kilomita 38. Wakati ule majengo yalikuwa machache na mafupi. Kwa ajili ya nyufa na udongo huo, kwa miaka mingi wakuu wa mji wa Nakuru hawakuruhusu majengo kupita orofa chache, na ndiyo sababu mgeni aliyezoea Nairobi aliiona Nakuru ya zamani kuwa mji wa mapaa mafupi na anga pana. Katika miaka ya hivi karibuni amri hiyo ililegezwa na orofa zikaanza kupanda.

Jengo refu si kosa, iwapo msingi umechunguzwa. Mjenzi mwema huchimba mashimo ya majaribio kabla ya kuchora, apate kujua kama chini ni mwamba, ni majivu, au ni ufa. Tena huuliza maji ya paa lake yatakwenda wapi. Paa la soko au la uwanja wa michezo hukusanya maji ya shamba zima kwa dakika chache, na yakimwagwa chini ya ukuta katika udongo wa majivu, msingi huanza kuliwa tangu mwaka wa kwanza.

MTEREMKO WA SALGAA

Magharibi ya Nakuru barabara kuu hupita Salgaa na Sachangwan ikipanda kwenda Mau Summit. Sehemu hiyo imeleta msiba mara nyingi. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka Sachangwan. Watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, watu 36 wakafa. Baada ya hayo njia za kupanda na kushuka zilitenganishwa katika sehemu ya mteremko huo.

Lakini hapo pia barabara peke yake haitoshi. Imekuwa desturi mbaya ya madereva wengine kutoa gia wakati wa kuteremka ili kupunguza mafuta, wakiliacha lori lenye tani kadhaa lishuke kwa uzito wake, mpaka breki zipate moto zishindwe. Na uzito wenyewe huumiza barabara kupita watu wanavyodhani. Wahandisi husema kwamba ekseli ikiongezewa mzigo mara mbili, madhara yake kwa barabara hayawi mara mbili, bali hupata mara 16. Ndiyo maana nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana katika sheria ya mwaka wa 2013 kwamba lori lenye mzigo lisipite tani 56, na ndiyo kazi ya mizani kama ile ya Gilgil. Anayepitisha lori zito kwa kumpa mtu kitu mkononi hakuiibia serikali tu. Amepasua lami, na katika ufa huo mvua itaingia.

BARABARA MPYA

Mwezi wa Novemba 2025 kazi ya kupanua barabara kuu kutoka Rironi, Kiambu, kupitia Naivasha na Nakuru mpaka Mau Summit ilizinduliwa. Urefu wake ni kilomita 175, pamoja na kilomita 58 za njia ya Mai Mahiu. Kabla yake kulikuwa na mkataba mwingine, uliotiwa sahihi mwaka wa 2020 na makampuni ya Ufaransa yakiongozwa na Vinci, lakini haukufika kwenye ujenzi. Safari hii kazi ilipewa China Road and Bridge Corporation ikishirikiana na NSSF, pamoja na kampuni ya Shandong Hi-Speed, na gharama itarudishwa kwa ushuru utakaotozwa wenye magari.

Umuhimu wa barabara hiyo wapita mipaka ya Kenya. Ni njia ya mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudani Kusini na mashariki ya Kongo. Hata katika ramani ya barabara kuu za Afrika, iliyoanza kupangwa katika miaka ya 1970, Nakuru iko juu ya mstari mmoja utokao Mombasa kupitia Kampala, Kisangani, Bangui na Yaoundé mpaka Lagos, nchini Nigeria. Mstari huo haujakamilika, hasa katika misitu ya Kongo, lakini wajenzi wa Nigeria na wa Kenya wana mtihani mmoja: mvua kubwa, malori mazito, na umma unaongoja kuona kama fedha zake zimekwenda chini ya barabara au mfukoni mwa mtu.

Barabara ikipanuliwa, maji yake hupanuka pia. Lami hainywi mvua. Eneo lililokuwa nyasi na mahindi, likifunikwa, hutupa maji yote kando kwa wakati mmoja, na maji hayo yataingia katika shamba la mtu, soko la mtu, au uwanja wa shule. Ndiyo sababu sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 ilitaka kazi kubwa kama hizo zichunguzwe kwanza, na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni yao. Mikutano ya namna hiyo mara nyingi hujaa maswali ya kazi na fidia, nayo ni maswali ya haki. Lakini karani ajuaye kusoma ramani, na mzee wa kijiji ajuaye mahali korongo lilipopita mwaka wa mvua nyingi, wangefanya vema kusimama na kuomba waonyeshwe kila kalvati liko wapi, kipenyo chake ni kiasi gani, maji yatokayo humo yatafuata njia ya nani, na ni nani atakayelizibua miaka kumi baadaye. Majibu yaandikwe, na nakala ibaki kijijini.

Kwa barabara ndogo za mashambani, huko Elburgon, Mau Narok au Subukia, kazi iko karibu zaidi na mkono wa mwananchi. Mwenye shamba anayelima mpaka ukingoni mwa barabara huuziba mtaro kwa udongo wake mwenyewe. Anayeweka daraja la magogo langoni pake bila nafasi ya maji huyarudisha barabarani. Gari la maziwa likikwama alfajiri, maziwa huharibika, na hasara hiyo haimfuati mkandarasi aliyekwisha ondoka na mashine zake. Inabaki kwa wenyeji wa njia ile. Mfereji uliozibuliwa kabla ya masika, siku mbili za kazi kwa majembe ya majirani, umeokoa barabara nyingi kuliko malori ya changarawe yaletwayo baada ya mvua kuisha.